Drili ya Chaji na Haki ya Jirani

Seti ya vifaa vya chaji kwa kazi za nyumbani kwa kawaida huwa na drili, mashine ya kufungia skrubu, pengine msumeno wa duara na grenda, betri mbili na chaja moja. Madukani Mwanga na Ujiji mnunuzi huelezwa volti, bei na dhamana. Haelezwi jambo ambalo katika mji kama Kigoma lina uzito kuliko hayo yote: kifaa hicho kikishaingia ndani, kitaombwa. Jirani ana pazia la kutundika, shemeji ana mlango uliolegea bawaba, mwenye mtumbwi kule Kibirizi ana ubao wa kufunga kabla usiku wa giza wa kuvua haujarudi. Kwa hiyo swali la seti ipi inunuliwe limebeba ndani yake swali la kale zaidi, ambalo dini na falsafa zimelijadili kwa undani kuliko inavyodhaniwa: nyumba imiliki vifaa gani, na mwenye kifaa anadaiwa nini na asiye nacho.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Ujiji tangu enzi za misafara, mjadala unaanzia kwenye Suratul-Maun, sura ya 107 ya Kurani, ambayo watoto huihifadhi chuoni mapema kwa ufupi wake. Sura hiyo inamkemea anayemsukuma yatima, kisha inawageukia wanaosali kwa kujionyesha huku wakiwanyima watu msaada mdogo. Wafasiri walihitilafiana kuhusu hicho kinachonyimwa. Ali bin Abi Talib na Ibn Umar wamepokewa wakisema ni zaka. Ibn Masud alisema ni vitu ambavyo watu huazimana, akataja shoka, chungu na ndoo. Ikrima akaziunganisha rai zote mbili: kilele chake ni zaka ya mali, na kilicho chini kabisa ni chekeche, ndoo na sindano. Rai ya Ikrima ndiyo inayolifaa zaidi suala hili, kwa kuwa inaziweka zaka na sindano kwenye ngazi moja. Mwenye kutoa zaka kamili kila mwaka bado anaweza kuingia katika lawama ya sura hiyo kwa sababu ya shoka alilolificha nyuma ya mlango. Na hakuna sababu ya kuiacha drili nje ya orodha. Vitu alivyovitaja Ibn Masud ni vile ambavyo mtu huvihitaji ghafla, huvirudisha vikiwa vizima, na akivikosa kazi yake husimama. Drili ina sifa zote tatu.

Biblia nayo inalitazama jambo hili kwa macho ya fundi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaamuru kwamba aliyeazima kitu cha mwenzake, kikaharibika mwenyewe hayupo, alipe. Mwenyewe akiwapo, asilipe. Na kama kilikodishwa, hasara imo katika ile kodi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Kisha kuna kisa cha Wafalme wa Pili, sura ya 6, ambacho wakazi wa ufukweni hawahitaji kufafanuliwa: mwanafunzi wa manabii anakata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kinachomoka na kuzama, naye analia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Elisha anakifanya chuma kielee. Muujiza huo haukufanywa kumwokoa mtu asife maji. Ulifanywa kumwokoa maskini na deni la kifaa, na kuwekwa kwake miongoni mwa habari za wafalme na vita kunaonyesha jinsi aibu ya kushindwa kurudisha kitu cha watu ilivyopewa uzito.

Hayo ni maadili. Kanuni zenyewe zimefafanuliwa kwa ukamilifu zaidi katika fikihi, kwenye mlango wa ariya, yaani kuazimana kitu ambacho manufaa yake hutumika na chenyewe hubaki. Waislamu wa Ujiji, kama wenzao wa pwani, wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, na miongoni mwa vitabu vinavyotegemewa katika madhehebu hayo ni Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kwa Shafii, aliyeazima hubeba dhamana: kifaa kikipotea au kuharibika mikononi mwake hulipa, hata kama hakuzembea. Dalili mojawapo ni deraya ambazo Mtume Muhammad aliziazima kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn mwaka 630. Safwan, ambaye wakati huo hakuwa Muislamu, aliuliza kama deraya zake zinanyang'anywa, akahakikishiwa kuwa zimeazimwa na zina dhamana. Madhehebu ya Hanafi yanaona tofauti: kifaa ni amana, na asiyezembea halipi. Kwa mji wa ziwani rai ya Shafii ina hekima ya pekee, kwa kuwa kitu kikiteleza kutoka kwenye ukingo wa mtumbwi katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, hakuna wa kuthibitisha uzembe wala wa kukiopoa kitu chenyewe.

Hata hivyo dhamana hiyo ina mpaka. Kilichochakaa au kumalizika kwa matumizi yaliyoruhusiwa hakilipwi, kama nguo iliyofifia kwa kuvaliwa. Hapa ndipo betri inapoleta suala ambalo wanazuoni wa kale hawakukutana nalo. Shoka likikata mti hubaki shoka. Betri ya lithiamu hupungukiwa uwezo kidogo kila inapojazwa na kutumiwa, na baada ya mizunguko mia kadhaa huwa imechoka. Je, anayeazima betri ameazima kitu ambacho chenyewe hubaki, au amepewa sehemu ya kitu kinacholiwa? Jibu lililo sawa, kwa kufuata misingi ileile, ni kutenganisha mambo mawili. Chaji iliyomo ni kitu kinacholiwa, na mfano wake hurudishwa: betri iliyotoka imejaa irudi imejaa. Ule uchovu mdogo wa seli ni uchakavu ulioruhusiwa, na mwenye kifaa amekwisha kuusamehe alipokubali kuazimisha. Lakini betri iliyopasuka kwa kudondoka, au iliyoungua kwa kulazimishwa kazi isiyo yake, hiyo ina dhamana.

Kazi isiyo yake ni suala jingine ambalo Minhaj inalifungua. Aliyepewa ardhi apande ngano anaweza kupanda ngano au kilicho chepesi kuliko ngano. Hana ruhusa ya kupanda kinachoichosha ardhi zaidi. Drili iliyoombwa kwa ajili ya mbao haikuombwa kwa ajili ya zege. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Drili ya kawaida huzungusha tu, na fundi akiisukumia kwenye nguzo ya zege huchosha mota na kuunguza biti. Zege linataka drili yenye kugonga. Kuta za tofali za kuchoma, zilizojaa Mwanga, Gungu na Ujiji, ni laini zaidi, lakini lenta na nguzo zake ni zege. Mwombaji anapaswa kusema ukuta gani. Vilevile kwa Shafii aliyeazima hana haki ya kumwazimisha mtu wa tatu bila idhini, na gharama ya kurudisha ni yake. Lau kanuni hizi mbili pekee zingeshikwa, ugomvi mwingi wa vifaa mitaani usingekuwapo: drili nyingi hazipotei kwa mwombaji wa kwanza.

Mwenye kifaa naye ana haki ya kukidai wakati wowote, ila pale ambapo kudai kunaleta madhara. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kwenye mlango wa unyang'anyi: hata ubao ulioporwa, ukishapigiliwa kwenye chombo, haung'olewi kikiwa majini ikiwa kuna hofu ya roho kupotea. Mwenye ubao husubiri nchi kavu. Ikiwa mwizi anasubiriwa, jirani aliyeomba kwa adabu anastahili kuachwa amalize bati ambalo tayari liko juu ya kenchi.

Kwa nini basi vifaa visiwe vya wote, kifaa kimoja kwa mtaa mzima? Mkoa wa Kigoma umelipitia jaribio lililo karibu na swali hilo. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuwahamishia wakulima katika vijiji vilivyopangwa, na katika vijiji vya ujamaa shamba la pamoja ndilo lilikuwa roho ya mpango. Uzoefu wa nchi nzima ni kwamba shamba la pamoja lilipaliliwa mwisho, baada ya kila mmoja kumaliza lake. Aristotle alikwisha kuandika katika Siasa kwamba kilicho cha watu wengi hutunzwa kidogo, akapendekeza umiliki uwe wa mtu na matumizi yawe ya wote, akitoa mfano wa Sparta ambako watu walitumia farasi na mbwa wa wenzao kama wao wenyewe. Ariya inafika palepale kwa njia nyingine: mwenye kitu anajulikana, na kwa sababu anajulikana kuna anayekipangusa vumbi, anayekijaza chaji na anayeombwa. Maktaba za vifaa za nchi za mbali, kama ile ya mji wa Berkeley, Marekani, inayoazimisha vifaa tangu 1979, zimefanikiwa kwa kuwa na mtunzaji anayelipwa, rejista na faini. Mtaa usio na hayo hauna budi kuwa na mwenye kifaa.

Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, ambayo Julius Nyerere aliitumia katika insha yake ya Ujamaa ya mwaka 1962, husomwa kama onyo dhidi ya uvivu. Ndani yake kuna sharti jingine: nyumba iwe na jembe la ziada. Asiye na cha kuazimisha hawezi kumwingiza mgeni kazini, atamlisha tu.

Ziwa lenyewe lina kumbukumbu ya maombi yaliyogonga mwamba. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, hawakuwa na chombo cha kufaa kulichunguza ziwa. Mwezi uliofuata Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Alipokewa kwa ukarimu, akarudi Ujiji bila jahazi, na Aprili wakaelekea kaskazini, upande wa Uvira, kwa mitumbwi miwili. Msimulizi wa kigeni husikika akilalamika katika visa vya namna hii, lakini haki iko upande wa sheikh. Jahazi kwenye ziwa ambalo vyombo vya tanga vilihesabika kwa vidole lilikuwa chombo cha riziki yake, na ariya haijapata kumlazimisha mtu kutoa kinachomlisha. Mpaka huo unafaa kukumbukwa leo: grenda ya fundi wa grili ni jiwe lake la kusagia. Huyo haombwi kifaa. Huombwa aje nacho, alipwe, na hapo hukumu ya Kutoka 22 kuhusu mwenyewe akiwapo inapata maana yake kamili.

Kutokana na yote hayo, namna ya kuchagua seti ya nyumbani inabadilika. Kipimo cha kwanza ni familia ya betri. Drili ya kwanza isiyo na waya ilitolewa na Black & Decker mwaka 1961, na betri za lithiamu ziliingia kwenye vifaa hivi katika miaka ya 2000; hadi leo karibu kila kampuni hutengeneza mdomo wake wa betri, na ya Makita haiingii kwenye Bosch, wala ya Ingco kwenye DeWalt. Mnunuzi anayeangalia nyumba yake peke yake atachagua kwa bei au sifa. Anayeangalia mtaa atauliza kwanza majirani na ndugu wana aina gani, kisha anunue hiyo hiyo, ili siku betri yake imekufa apate ya jirani, na siku ya jirani vivyo hivyo. Huu ndio ushauri wenye faida kubwa kuliko mwingine wowote katika suala hili, na matangazo hayautaji kamwe.

Volti hazipaswi kumsumbua mtu. Betri nyingi zilizoandikwa volti 20 ni zilezile za 18: seli tano mfululizo, kila moja volti 3.6 ikiwa kazini na takribani 4 ikiwa imejaa. Kinachoeleza ukubwa wa betri ni volti zikizidishwa kwa saa za ampea. Betri ya volti 18 na saa za ampea 2 ina saa za wati 36, za kutosha kufunga mapazia, bawaba na skrubu nyingi za bati. Grenda inayovuta wati 700 ingeimaliza kwa dakika tatu hivi. Kwa hiyo grenda, kwa nyumba yenye umeme, ni afadhali iwe ya waya. Seti ya kuanzia inayotosha ni drili yenye kugonga, betri mbili na chaja. Vingine vinunuliwe bila betri kadiri haja inavyojitokeza. Mota isiyo na kaboni hudumu zaidi na huinyonya betri taratibu. Yenye kaboni ni ya bei nafuu, na kaboni hubadilishwa na fundi yeyote, nayo si sifa ndogo mahali ambapo kituo cha huduma cha kampuni kiko mbali. Katika vijiji vya mwambao wa kusini, kama Kalya, ambako nyumba nyingi zinategemea sola ndogo ya taa na simu, chaja ya drili inaweza kuishinda sola yenyewe, na keekee ya mkono bado haijastaafu.

Betri mbili si anasa, na sababu yake iko kwenye kalenda ya ziwa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa vyombo hupumzika ufukweni. Siku hizohizo chache ndizo za kukarabati, kwa hiyo Katonga na Kibirizi kila mwenye chombo huhitaji drili wakati mmoja. Ujenzi wa nyumba nao hurundikana kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Kuazimana kunakwenda vizuri haja zikipishana, na hapa mara nyingi hazipishani. Mwenye kifaa mwenye busara hugawa siku mapema kuliko kumwahidi kila anayebisha hodi, maana ahadi iliyovunjwa huumiza ujirani kuliko kukataa kwa upole.

Kuna wanaokwepa usumbufu wote huo kwa kununua seti kubwa na kuifungia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa shukrani wa kitabu chake cha Ihya, anaona kukifungia kitu kisifikie lengo alilokiumbia Mungu kuwa ni kukufuru neema, na kwa dhahabu na fedha analiita jambo hilo dhulma. Shoka lililofungiwa miaka kumi hunolewa likafanya kazi. Betri ya lithiamu huzeeka hata bila kuguswa, na huzeeka upesi zaidi ikihifadhiwa imejaa kwenye chumba chenye joto chini ya bati. Inataka ibaki karibu na nusu, mahali penye ubaridi. Kwa kifaa hiki, kuhodhi si kosa la kimaadili pekee, ni hasara inayoonekana. Betri nne kabatini hupungua zote kwa pamoja, ilhali mbili zinazozunguka mtaani zinafanya kazi yote zilizotengenezewa.

Suala linalobaki ni gumu kuliko mengine, nalo linahusu jirani ni nani. Shafii alihesabu nyumba 40 kila upande. Injili ya Luka, katika mfano wa Msamaria, inakataa kuhesabu nyumba. Betri nyingi za vifaa hivi zina lithiamu pamoja na nikeli na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa Lualaba na Katanga ya Juu, na sehemu yake hutolewa na wachimbaji wadogo wanaoingia mashimoni kwa mikono. Manono, ambako kuna hazina kubwa ya lithiamu, iko katika mkoa wa Kongo unaoitwa Tanganyika, wenye makao makuu Kalemie, mji unaotazamana na ufukwe wa Tanzania. Kigoma imewapokea Wakongo tangu zamani, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Haiwezekani basi kudai kwamba mchimbaji wa Lualaba ni mtu wa mbali asiye na haki. Kususia kifaa hakumfikishii chochote. Anachodaiwa mnunuzi ni kutopoteza kilichotolewa kwa jasho hilo: betri chache, zilizo halisi, zitunzwe na zitumiwe na wengi hadi zifike mwisho wake. Zikifika, zisitupwe shimoni wala majini. Maji ya Ziwa Tanganyika hubadilika polepole mno, kwa mamia ya miaka, na kinachoingia humo hukaa. Zibaki nyumbani mahali pakavu, mbali na moto, hadi apatikane mnunuzi wa taka za elektroniki anayefahamika.

Mwisho wa ariya ni kurudisha, mwenyewe anapodai au muda uliokubaliwa unapotimia. Kwa kifaa chenye vipande vingi, drili, betri, chaja na biti, ni sunna njema kuandika kilichotoka na tarehe, kwa mfano wa amri ya Kurani ya kuandika madeni katika sura ya pili. Kifo cha mwenye kifaa au cha aliyeazima nacho huvunja makubaliano. Akifa mwenye kifaa, kinarudi kwa warithi wake, hata kama aliyekiazima hajamaliza kazi, na akitaka kuendelea huwaomba upya wao. Akifa aliyeazima, watu wake hukirudisha bila kungoja mirathi igawanywe, kwa kuwa hakikuwa katika mali ya marehemu.